Miaka Kumi na Minane ya Koplo Muzamiru

Ipo asubuhi moja ya Jinja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha. Nilishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi yetu, maji ya mvua yakiwa bado yamesimama kwenye mashimo ya barabara, na Koplo Muzamiru, mlinzi wa lango, akanifungulia kama alivyonifungulia kila siku. Ila siku hiyo alikuwa amekunja mgongo, ameshika rungu lake kama mkongojo, na walinzi wenzake nyuma yake walikuwa wanacheka hadi wanashika ukuta.

"Karibu, mjukuu," akaniambia kwa sauti ya kutetemeka. "Ingia polepole. Babu yako leo hana nguvu ya kusukuma lango."

"Jjajja, babu yetu, kaa chini!" mmoja akampigia kelele. "Utavunjika nyonga, tutakosa mtu wa kutupa baraka!"

Nikacheka nami. Sikujua ninacheka nini. Nimejiuliza mara nyingi kama ningecheka vile kama ningejua, na jibu langu hubadilika kila nikijiuliza, kwa hiyo sitakuambia lolote hapo.

Huwa naandika kidogo kila jioni, mambo ya siku tu, na habari hii nimeijaribu mara nyingi ikanishinda. Shule yangu iliishia sinia ya nne, yaani kidato cha nne, nikaongeza kozi fupi ya kompyuta kule Mbale, basi. Usitegemee maneno makubwa. Nitaeleza kama ninavyokumbuka, na wengine waliokuwepo nitajaribu kuwapa haki yao, maana wengi wao hawapo hapa kujibu.

Kampuni yetu ilikuwa ya ulinzi. Jina lake liache lilale. Ilikuwa na matawi mawili upande huu wa mashariki, Mbale na Jinja, na wakubwa wake walikaa Kampala. Walinzi wengi walikuwa wametoka jeshini, polisi au magereza, watu wa kaskazini na wa Teso, wakachanganyika na Wagisu na Wasoga wa hapo hapo. Kwa hiyo kazini tulisema Kiswahili, kile cha kambini, na kila aliyekuzidi cheo ulimwita afande, ingawa hakuna aliyekuwa na bunduki inayoaminika. Meneja wa Jinja alikuwa Kapteni Ocen, mwanajeshi mstaafu, mtu wa kaskazini, mkali wa sauti lakini si mkali wa moyo.

Habari za walinzi zilikaa kwenye makaratasi, na makaratasi yalikaa kwenye maboksi, na maboksi yaliliwa na mchwa. Kampala wakaamua kila mtu aingizwe kwenye hifadhidata ya kompyuta. Mimi nikatolewa Mbale, nikaletwa Jinja, nikapewa chumba cha juu kwenye lile duka la zamani la Wahindi tulilopanga, dirisha likitazama lango. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Walinzi waliniita Kompyuta, kama vile ndilo jina nililopewa na mama.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yanapoanzia.

Kule Mbale fomu ziliandaliwa na dada mmoja karani, Nambozo. Mwanzo aliwauliza walinzi mwaka wa kuzaliwa, na wazee wengi wakarudisha fomu tupu, wengine wakaandika mwaka wowote uliowajia kichwani. Nambozo alikuwa Mgisu kama mimi, na akafanya alichofanya kila mtu kwetu akitaka kujua umri wa mwanamume: akauliza mwaka wa tohara. Kama wewe si wa huko, nikueleze. Bugisu mvulana hatahiriwi akiwa mtoto. Hungoja mpaka awe kijana wa kusimama mwenyewe mbele ya kisu bila kupepesa macho, na akitoka hapo ni mwanamume. Na si kila mwaka. Ni miaka ya shufwa tu, ile inayogawanyika kwa mbili. Mwaka wa witiri visu vinapumzika. Kila mwaka wa tohara una jina lake. Mzee wa Kigisu muulize amezaliwa lini, atakutazama tu. Muulize alisimama mwaka gani, atakujibu kabla hujamaliza, na atakutajia aliosimama nao, hata yule aliyetikisika kidogo.

Basi Nambozo akatoa kwenye fomu za wanaume swali la kuzaliwa, akaweka la tohara. Mbale fomu zikarudi zimejaa. Hakukosea, mwanangu, nataka hilo ulijue. Kwa watu aliokuwa nao, aliuliza swali sahihi kabisa. Kampala wakaiona ile fomu, wakaipenda kwa kuwa ilirudi imejaa, wakachapisha nyingine nyingi, wakaileta Jinja bila kubadili kitu.

Makarani wakazichapa fomu kwenye faili la kompyuta, ikabaki kazi ya kupakia, ambayo ilikuwa yangu. Huenda wewe unaijua kunishinda, lakini niieleze kwa asiyeijua. Faili linakuja na mistari, kila mtu na mstari wake: jina, namba ya kazi, cheo, mwaka. Hifadhidata nayo ina safu zake zinazongoja kujazwa. Unaweza kuandika watu mmoja mmoja mpaka vidole vife ganzi, au unaweza kutoa amri moja ikabeba faili zima kwa mkupuo. Na uzuri wa amri ile ni kwamba si lazima kila kitu kiingie kama kilivyokuja. Unaweza kuiambia: hiki usikiweke moja kwa moja, kipokee kwanza mkononi, kigeuze hivi, ndipo ukiweke. Hata kisichokuwemo kwenye faili inaweza kukijaza yenyewe. Tarehe ya kupakia inaitoa kwenye saa ya mashine. Jina la tawi inalitoa kwenye jina la faili. Ni thamani ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Zinazaliwa palepale faili linapopita.

Mimi nilipojifunza jambo hilo nilijiona nimeota mabawa.

Hifadhidata ilitaka mwaka wa kuzaliwa. Faili lilikuwa na mwaka wa tohara. Nikashuka kwa Kapteni Ocen kumuuliza.

"Nyinyi Wagisu," akasema, bila kuinua macho, "munakatwa na miaka ngapi?"

"Kumi na minane, afande. Wengine chini kidogo, wengine juu."

"Wewe?"

"Ishirini, afande. Baba alikawia kupata mbuzi."

"Basi toa kumi na minane. Kampala wanataka namba, hawataki historia ya mbuzi."

Nikarudi juu, nikaandika kwenye amri: pokea mwaka, toa kumi na minane, weka kwenye safu ya kuzaliwa. Faili la Mbale likaingia kabla sijamaliza kuvuta kiti. Tulijua tunakosea mwaka mmoja au miwili kwa baadhi ya watu, na tuliona si kitu. Labda haikuwa kitu kweli. Kisha nikalileta faili la Jinja, lenye safu zilezile kwa mpangilio uleule, na amri ikalibeba ileile. Jina la tawi lilibadilika lenyewe, tarehe ikabadilika yenyewe. Sikugusa hata herufi moja. Fahari yangu yote siku hiyo ilikuwa hiyo, kwamba sikuhitaji kugusa.

Sasa fikiria waliokuwa ndani ya faili la Jinja. Wasoga Wakristo, na wale wa kaskazini, wengi wao hawana habari ya tohara. Pale waliacha wazi, na mashine ukiiambia itoe kumi na minane kwenye kitu kilicho wazi, inakuachia wazi. Waislamu walikuwa nayo. Waliulizwa mwaka wa tohara, wakaandika mwaka wa tohara, kwa uaminifu. Na mtoto wa Kiislamu hutahiriwa angali mdogo, mwingine hata hajajua kukaa.

Nilijua hilo. Nimekulia Mbale mjini mlango kwa mlango na Waislamu, nimekula pilau lao la tohara za watoto. Lakini nilichokijua kilikaa chumba kimoja, na amri niliyoandika ikakaa chumba kingine, na mimi sikufungua mlango wa katikati.

Kila Mwislamu wa tawi la Jinja akazeeka miaka kumi na minane kwa pumzi moja. Wengi walikuwa vijana, kwa hiyo hakuna aliyeona. Kijana wa ishirini na mitano akiwa na arobaini na mitatu kwenye mashine, mashine haimwambii mkewe. Ila kampuni ilikuwa na sheria ya kustaafu kwa sitini, na mwezi ulipoisha mashine ikatoa majina ya waliofika. Kwa Jinja lilitoka jina moja. Karatasi ikabandikwa kwenye kibanda cha walinzi, na asubuhi ile niliyokuambia, Koplo Muzamiru, mtu wa miaka arobaini na mitatu, akanipokea kwa mkongojo.

Alidhani ni mzaha wa makarani. Mimi nilipoisoma ile karatasi kibandani, kicheko kilinikauka. Tukaingia wote wawili kwa Kapteni.

"Afande," akasema Muzamiru, bado anatabasamu, "hapa nimeandikwa miaka sitini na moja. Mama yangu mzazi yuko kijijini Budondo, ana sitini. Sasa mimi ni kaka yake?"

"Mashine ndiyo inasema," Kapteni akajibu.

"Mashine ilinizaa?"

Nikaomba fomu yake. Ilikuwepo bado, kwenye boksi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nikaona mwaka, na mwanangu, ulikuwa mwaka wa witiri. Mtoto yeyote wa Kigisu angeshtuka. Mwaka ule hakuna hata mtu mmoja kwetu aliyesimama mbele ya kisu. Faili zima la Jinja lilikuwa limejaa miaka ya namna hiyo, imepita chini ya macho yangu, au tuseme ingepita chini ya macho yangu kama ningetazama.

"Afande Muzamiru," nikamuuliza, "ulitahiriwa ukiwa na umri gani?"

Akanishangaa. "Umri gani? Nilikuwa nimelala kwenye kanga ya mama, bwana! Ngariba alikuja, baba akachinja, watu wakala, mimi nikalia. Nyinyi Wagisu munafikiri dunia nzima ilingoja kuota ndevu ndiyo ikatwe?"

Kapteni Ocen alicheka mpaka akatoa leso. Muzamiru akacheka. Mimi nikasema palepale, kosa liko kwenye amri ya kupakia, si kwake. Nalisema hili si kwa kujisifu. Ukweli ni kwamba nilidhani kulisema ndiko kulirekebisha. Kapteni akapiga simu Kampala, na kicheko kile kikaishia kwenye simu ile.

Kampala walisema orodha imeshakwenda, nafasi imeshajazwa, na mwaka ulio kwenye hifadhidata ndio mwaka wa kampuni. Anayeupinga alete cheti cha kuzaliwa. Muzamiru hakuwa nacho. Nani wa rika lake kutoka Budondo alikuwa nacho? Kapteni akaeleza habari ya tohara, akarudia, akapandisha sauti, akaishusha. Sauti ya upande wa pili niliisikia hadi pale niliposimama: fomu inasema tohara, haisemi alikuwa mtoto, nani atathibitisha alikuwa mtoto?

"Nimlete ngariba?" Muzamiru akauliza. "Alishakufa."

"Mama yako," Kapteni akasema taratibu. "Tunaweza kumpeleka mama Kampala, aseme mbele yao."

Hapo tabasamu lilimtoka Muzamiru, na sikuliona tena kwa miaka mingi. "Mama yangu, afande? Asimame mbele ya watoto wa ofisini, wamuulize mwanawe alikatwa namna gani na wakati gani? Hapana. Hiyo hapana."

Baadaye nilisikia mama mwenyewe alikuwa tayari kwenda. Alivaa gomesi lake, lile vazi la heshima, akangoja kwenye mkeka. Mwanawe ndiye aliyekataa. Kuna watu waliomwita mjinga kwa hilo. Mimi sijaweza kumwita hivyo.

Nikufahamishe na jambo hili, kwa kuwa ndilo lililonichoma zaidi nilipoliona. Wale waliokuwa wameacha wazi, Kampala waliwaandikia: leteni kadi za ubatizo, tujue umri wenu. Wakaleta, wakaingizwa sawasawa, wakaendelea na kazi. Aliyeacha wazi aliulizwa. Aliyejaza hakuulizwa. Safu yake ilikuwa na namba, na namba ikishakaa kwenye safu hakuna anayeuliza imefikaje. Na mimi sikuwa nimeuhifadhi popote ule mwaka wa tohara kama ulivyokuja. Niliupokea mkononi, nikaupunguza kumi na minane, nikautupa. Mtu wa Kampala akitazama hifadhidata aliona mwaka wa kuzaliwa wa Muzamiru umesimama sawa na wa mtu mwingine yeyote, bila alama ya kuonyesha kwamba huu ulijulikana na huu ulikisiwa na kijana mmoja Jinja. Kampala walikuwa wagumu, ndiyo. Lakini niliwapa kitu kinachofanana na ukweli, na sina budi kusema hilo pia.

Mwisho wa mwezi alirudisha vitu vya kampuni vizuri: sare imefuliwa, viatu vimepigwa rangi, rungu. Nilimkuta langoni nikiwa natoka kula. Wenzake siku hiyo hawakumtania. Akanizuia kwa mkono.

"Mafabi," akasema. Hakuwahi kuniita jina langu, siku zote nilikuwa Kompyuta. "Kila asubuhi nani anakufungulia hili lango?"

"Wewe, afande."

"Nikiwa nimekaa ama nimesimama?"

"Umesimama."

"Hata mvua?"

"Hata mvua."

"Tazama huu uso. Wewe unaona sitini na moja?"

Akaonyesha dirisha langu kwa kidevu.

"Jina langu lilipita mbele yako kule juu, na mimi nilikuwa hapa chini. Ungetoa kichwa dirishani useme, Muzamiru, una miaka mingapi, ningekujibu bila kuondoka kwa lango. Sikulaumu kwamba hukujua. Watu wengi hawajui. Nalaumu kwamba mwenyewe nilikuwa hapa, na wewe ukaona rahisi kuuliza hesabu."

Kisha akanifungulia lango, maana ilikuwa bado zamu yake, nami nikapita. Keshoye nilifunguliwa na mtu mwingine.

Ningependa kukuambia niliacha kazi kwa hasira. Sikuacha. Nilikuwa nimepanga chumba Mpumudde na mke wangu alikuwa mjamzito. Nilichofanya ni kuiandika upya ile amri. Mwaka ulivyokuja ukawekewa safu yake mwenyewe. Mwaka uliokisiwa ukawekwa pembeni na alama ya kukisiwa. Palipokuwa wazi pakabaki wazi. Nikaomba ruhusa kuwarekebisha Waislamu wote wa Jinja, na Kampala wakaruhusu, kwa sharti moja: waliomo kazini tu. Waliostaafu walikuwa wamehamishiwa kwenye jedwali lao, na jedwali hilo haliguswi. Kwa hiyo, mwanangu, vijana wote ambao hawakuwa wameumia walirudishiwa miaka yao siku moja, nao hata hawakujua walikuwa wameipoteza. Yule mmoja aliyeumia ndiye pekee aliyebaki mzee.

Sipendi kujibebesha yote. Nambozo aliuliza swali la Mbale, Kampala wakalipeleka Jinja, Kapteni akasema toa, na sheria ya kustaafu haikuwa yangu. Kujibebesha yote nako ni namna ya kujiona mkubwa. Lakini kila nikigawa, kila mmoja akichukua sehemu yake, hubaki kipande ambacho hakina mwenyewe ila mimi: dirisha lile, na kichwa ambacho sikukitoa.

Muzamiru alirudi Budondo akalima mahindi na viazi vitamu. Wanawe wawili waliacha shule. Hilo nililisikia kwa walinzi, na mmoja wao aliniambia akinitazama vizuri usoni ili aone litaingiaje.

Ilipita miaka kumi na minane kamili kabla sijaenda. Najua ni kamili kwa sababu mwenyewe ndiye aliyenihesabia. Nilishuka pale senta ya Budondo, penye maduka, nikiwa na sukari na sabuni, nikauliza, mtoto akanielekeza. Nilimkuta anapukuchua mahindi uani, mvi zimemjaa, na pembeni yake kwenye mkeka amekaa mama mdogo wa mwili, mkavu, macho makali.

Alinitambua kabla sijasalimia. "Kompyuta," akasema. "Umekuja mwaka mzuri. Mwaka huu nimefika pale muliponiweka. Sasa mimi na mashine yako tuko sawa."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha langoni, au karibu.

Mama akageuka akanitazama kwa muda mrefu. "Huyu ndiye alikufanya kaka yangu?" akamuuliza mwanawe.

"Ndiye, mama."

Yeye hakucheka. Alichukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua, na punje zikawa zinadondoka kwenye ungo.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Niliyarudia njia nzima kutoka Jinja mjini, nyuma ya bodaboda. Nilipoyatoa, Muzamiru alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama alivyokuwa akisikiliza maagizo ya zamu. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Nilipewa chai. Nilipewa mahindi ya kubeba. Nilipoaga, alijiinua kwa shida, goti moja sasa linamuuma kweli, akatembea nami hadi kwenye kijilango cha miti cha uani kwake, akanifungulia.

Nilipita. Sikugeuka nyuma, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kutogeuka.

Mwanangu, nimeanza kuitwa mzee na watu nisiowajua, na miaka yangu ni ya kweli, kwa hiyo nivumilie nikuambie. Siku hizi mna vitambulisho, mna mashine ambazo yetu ya zamani ingezionea aibu, na bado nasikia vijana mnapakia mafaili ya watu kwa mkupuo, mkiiambia mashine ijaze yenyewe kilichokosekana. Ijaze. Sikukatazi. Ila alichokupa mtu kiweke kama alivyokupa, usikitupe ukishakigeuza. Ulichokikisia kitie alama, ili atakayekuja baada yako ajue hapo alisimama mtu anakisia. Usione aibu ya safu iliyo wazi. Iliyo wazi itaulizwa siku moja, iliyojazwa ovyo inanyamaza na kuumiza. Hesabu iliyotoka kwenu usiipeleke kwa watu wengine kabla hujakaa nao. Na faili likishaingia usifurahie kasi yake. Tafuta ndani yake majina ya watu unaowajua kwa sura, utazame mashine imewafanya nini. Kama yuko aliye karibu, fungua dirisha umuulize. Atakujibu. Wengi wanangoja tu kuulizwa.

Najua nasaha zangu zimechelewa kwa mtu mmoja, wala sijui kama zinanipasa mimi kuzitoa. Zichukue hivyo hivyo.

Mungu akupe kazi ya mikono yako na akuepushe na ile fahari ya kutogusa. Akujalie watakaokufungulia mlango, na akufumbue macho uwaone. Na miaka yako, mwanangu, yote, akuhesabie Yeye mwenyewe mmoja baada ya mwingine, asije mtu akakuongezea hata mmoja usiouishi.